Kidole cha Sita

Boliti ya nne ilikataa kufunguka. Tatu za mwanzo zilitoka bila ubishi, lakini hii ya upande wa ndani ilikuwa imeshikwa na kutu, spana ikateleza mara mbili na kunichubua kidole gumba. Nikaipaka mafuta, nikaiacha inywe. Datius alikuwa ameketi mlangoni juu ya kreti tupu la soda, amenipa mgongo, akiwatazama wanawake wa mwalo wa Nyamukazi wakianika dagaa. Hakuna mteja wangu mwingine anayekaa hivyo. Wengine husimama juu ya kichwa changu tangu boliti ya kwanza hadi ya mwisho, hasa wakikumbuka kwamba fundi ni mwanamke. Datius huiweka mashine yake juu ya benchi, hunisalimu, kisha hugeuka kutazama ziwa mpaka nimwite.

"Usiharakishe, mama Anwari," alisema bila kugeuza kichwa. "Leo sina safari."

Angesema hivyo mtu mwingine ningecheka. Aliposema yeye, niliinamia mashine. Siku moja alikuwa na safari, nami niliharakisha, na kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa nimeshindwa kumwambia nilichokifanya katika haraka ile. Baba alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Nilikuwa nimejiapia kwamba arobaini yake ikipita nitasema. Arobaini ikapita, Ramadhani mbili zikapita, mashine ya Datius ikaja na kuondoka, nami bado nilikuwa nazungumza naye habari za bei ya sangara.

Mashine yenyewe ilikuwa ileile, ya nguvu ya farasi kumi na tano, rangi imebabuka hadi huwezi kujua ilikuwa bluu au kijivu. Ilikuwa imekuja kwa ugonjwa uleule pia: inapata moto, maji yanatoka kwa shida. Ndani ya mguu wa mashine ya boti, mahali ambapo mwenye mali hapaoni, kuna kipande cha raba kinachoitwa impela. Kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Kina vidole sita, navyo vikizunguka huvuta maji ya ziwa na kuyasukuma juu kwa bomba jembamba la shaba yaende kuipoza injini. Maji yakishapoza hutoka nyuma yakiruka kama mrija, na huo mrija ndio unaomwambia nahodha kwamba mashine yake ni nzima. Raba huzeeka. Mchanga huila, joto huikausha, vidole hukatika kimoja kimoja.

Wavuvi wote wa mwalo, ukiwauliza kuhusu mrija ule, watakwambia mashine inakojoa. Baba yangu hakuweza kulitamka neno hilo mbele ya mteja, sembuse mbele ya binti yake. Mzee Zahoro alikuwa mtu wa swala tano, mjukuu wa mfanyabiashara wa pwani aliyefika Bukoba na bidhaa zake akaoa hapa na kuzikwa hapa, na katika karakana yake mashine haikukojoa. Ilishukuru. "Iwashe tuone kama inashukuru," alikuwa akisema, na wavuvi wakamcheka kwa miaka, mwishowe nao wakajikuta wanasema hivyohivyo.

Alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Kila impela kuukuu ilipotolewa, alitandika kitambaa cheupe kwenye benchi, nasi tukapanga juu yake kila kipande kilichotoka. Kisha aliuliza, "Ngapi?" Vidole vikiwa sita, kazi inaendelea. Vikiwa vitano, kazi inasimama mpaka cha sita kipatikane, hata kikitafutwa siku nzima, hata mteja akinuna. Kidole kilichokatika hupandishwa na maji na kujibanza ndani ya bomba, na huweza kukaa humo kimya mwezi mzima kabla hakijasogea na kuziba. "Raba haipotei," alikuwa akisema, "inajificha."

Swali lile nilijibu mimi. Macho ya baba yalikuwa yameanza kufa, na hakuna aliyelisema jambo hilo nyumbani. Mama alimtilia sukari kwenye chai kabla hajaipapasa. Mimi nilimsomea namba za vipuri, nilimwambia nyuzi za skrubu zinakwenda upande gani, nilihesabu. Wateja waliamini bado ni jicho la mzee Zahoro linalotazama mashine zao. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa siri hiyo nilijiona mtu mkubwa sana.

Alhamisi ile ilikuwa ya Novemba, msimu wa senene, mji mzima ukinuka senene wa kukaanga. Datius aliingia saa nne asubuhi na mashine begani. Alikuwa ametoka kisiwani Bumbire kwa boti ya abiria hadi Kemondo, akapanda gari, na kutoka stendi ameibeba mwenyewe. Shati lote lilikuwa limelowa jasho.

"Shikamoo mzee," alisema. "Inapata moto. Maji yanatoka kidogo halafu yanakata. Na kesho, waitu, lazima nimvushe tata."

Baba alimpa kiti. Hakuwa mtu wa kumhoji mteja, lakini Datius alikuwa na jambo lililomjaa kifuani, akalimwaga pale pale. Baba yake, mzee Mwijage, alikuwa amekaa naye kisiwani miaka mitano. Sasa alikuwa mgonjwa wa kutoinuka tena, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu: arudishwe nyumbani Ngenge. Jumamosi wazee wa ukoo wangekutana kwenye kibanja chake, naye angesema kwa kinywa chake mwenyewe nani anapewa nini.

"Kaka yangu Avit anajua chote ni chake, kwa kuwa ndiye mkubwa," alisema Datius. "Lakini tata ameniambia upande wa juu, kule aliko mama, ananipa mimi. Ameniambia mimi tu. Mpaka aliseme mbele ya ukoo."

Mtu asiye wa huku anaweza kuona ni ugomvi wa migomba. Mama yangu ni Mhaya, kwa hiyo nilielewa vizuri. Kibanja ndipo walipolala wazee wako, na ndipo utakapolala wewe. Mwanamume asiye na kibanja hutembea duniani kama mgeni, na akifa watu huulizana wampeleke wapi. Maneno ya baba ndiyo hati, na mashahidi wake ni masikio ya wazee. Datius hakuwa anaomba shamba. Alikuwa anaomba kuzikwa kando ya mama yake.

"Kesho utavuka, inshallah," baba alimwambia, na kunigeukia mimi. "Fungua."

Sasa niseme na langu. Siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, wajomba wa mchumba wangu Riyadhi walikuwa wanakuja kwetu Nshambya kuleta posa. Mama alikuwa amenipigia simu mara tatu. Mara ya kwanza alinikumbusha, mara ya pili alinibembeleza, mara ya tatu alisema kwamba kama nitawapokea watu wa watu na kucha nyeusi kama za mbeba mkaa, basi nisimuite mama tena. Nilimpenda Riyadhi. Nilikuwa nimesubiri siku ile tangu mwaka uliotangulia, na kila boliti iliyokataa kutoka niliiona inanifanyia inda.

Mguu ulipofunguka ilikuwa inakaribia saa saba. Impela ilikuwa hoi. Vidole vitatu vilikuwa bado vimeshikamana na kitovu chake. Viwili nilivikuta ndani ya kifuniko cha pampu. Nikavipanga vyote juu ya kitambaa, nikapapasa tena ndani ya kifuniko, nikamulika kwa tochi ya simu. Hakikuwepo kingine.

"Ngapi?" baba aliuliza.

Datius alikuwa amesimama kando yake, akitazama mikono yangu kama wateja wote wanavyotazama. Niliangalia saa ya ukutani. Saa saba na dakika ishirini. Kukitafuta cha sita kulimaanisha kukinyanyua kichwa chote cha mashine, kuchokonoa bomba, kukata gasketi mpya na kuisubiri ikauke, na jua lingezama tukiwa bado hatujamaliza. Nikajiambia mashine hii ni ya mkono wa tatu. Huenda kidole kile kilikatika zamani na fundi mwingine alishakitoa. Niliyaamini maneno hayo kwa muda uleule niliohitaji kuyaamini.

"Sita," nikasema.

Baba akanyoosha mkono wake. Vidole vyake vikapita juu ya kitambaa polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kipande baada ya kipande, vikafika mwisho vikasimama. Kisha akakikunja kitambaa pamoja na vilivyomo, akakiweka kando.

"Sita," alisema kwa sauti yake ya kila siku. "Lete mpya."

Nikaipaka impela mpya maji ya sabuni, nikaikandamizia kifuniko huku nikiizungusha shafti yake ili vidole vilale upande unaotakiwa, nikafunga. Tukaitumbukiza mashine kwenye pipa la maji tukaiwasha. Mrija ukatoka mnene, ukaruka hadi kwenye ukuta. "Inashukuru," baba alisema. Datius alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, akanishika mkono wangu wenye grisi kwa mikono yake miwili. Nami nilifurahi, maana niliona nimeogopa bure.

Mama alinisugua kucha kwa limau mpaka zikawasha. Saa tisa na nusu nilikuwa nimeketi chumbani nimejifunika mtandio, nikiwasikia wajomba wa Riyadhi sebuleni wakipewa kahawa ya kutafuna, wakitaniana na shangazi zangu. Walipomaliza maneno yao, nikasikia fimbo ya baba ikigonga sakafu.

"Huyu ni macho yangu," alisema. "Nawapa macho yangu. Myatunze."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nililia, na kila mtu alidhani nalia kilio cha bibi harusi.

Mambo ya siku iliyofuata niliyasikia baadaye kutoka kwa Datius mwenyewe. Waliondoka Bumbire saa mbili asubuhi, yeye na baba yake tu, kwa kuwa boti ilikuwa ndogo na mgonjwa alihitaji kulala. Alimtandikia godoro, akakiweka kichwa cha mzee juu ya paja lake la kulia, akashika usukani kwa mkono wa kushoto. Mtu akiendesha hivyo, uso wa mgonjwa uko mbele yake na mrija wa maji uko nyuma ya bega lake. Ziwa lilikuwa limetulia. Mzee alikuwa akiuliza kila baada ya muda kama vilima vya Muleba vinaonekana, naye akimjibu kwamba vinaonekana, hata kabla havijaonekana.

Katikati ya maji sauti ya mashine ilibadilika. Alipogeuka, mrija haukuwepo, na rangi ilikuwa inaungua. Kabla hajaizima, mashine ikanoki. Alikuwa na kasia moja. Simu haikuwa na mtandao. Alipiga kasia mpaka viganja vikachanika, lakini mkondo ulikuwa unawasukuma pembeni, mbali na mwambao, na hakuna boti iliyopita.

Kwenye saa saba mchana mzee Mwijage alijua hafiki. Akalisema pale pale, chali, jua likimpiga usoni. Upande wa juu wa kibanja, kuanzia kwenye ile miramura iliyopandwa mpakani mpaka kwenye kaburi la mama, ni wa Datius. Alisema mara tatu ili mwanawe asisahau. Wavuvi wa dagaa waliwakuta saa kumi. Walimkuta Datius amemfunika mzee uso kwa shati lake na anaendelea kupiga kasia.

Baada ya maziko, ukoo ulipokaa, Datius alisema aliyoambiwa. Mzee mmoja akamuuliza nani mwingine aliyasikia. Neno la urithi lililosikiwa na yule anayerithi peke yake si neno. Mtoto mdogo wa Kihaya anajua hilo. Ndipo Avit alipouliza swali lake, kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Alitaka kujua inakuwaje mtu aliyeendesha boti miaka kumi asahau kuangalia maji, siku hiyo moja, akiwa peke yake na baba yao. Watu waliinamisha vichwa. Hakuna aliyesema Datius aliizima mashine makusudi ili arudi na maneno yake mwenyewe, lakini kila mtu pale alilisikia. Kibanja chote kikawa cha Avit.

Jumanne iliyofuata mashine ilirudi karakanani. Datius alisimama kando ya benchi kama mara ya kwanza, macho mekundu, akatusimulia. "Nilikuwa naangalia uso wa tata," alimwambia baba. "Sikuangalia maji." Alisema kama mtu anayeungama.

Nikakinyanyua kichwa cha mashine, nikapitisha waya ndani ya bomba la shaba kutoka juu. Ukakwama, kisha ukapenya. Kitu cheusi, kimejikunja, kikubwa kiasi cha kucha ya kidole gumba, kikadondoka kwenye kiganja changu.

"Kuna nini?" baba aliuliza.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilikuwa kimeshapita, kimeshachukua mtu wake, na bado niliendelea kuficha. "Takataka za ziwani," nikasema. "Nailoni." Nikakitia kidole kile mfukoni. Siku ya nikahi yangu ilikuwa imeshapangwa. Datius akaitikia kwa kichwa, akakubali kwamba ziwa ndilo lililomfanyia hivyo, na kwamba angeangalia maji angeliona mapema. Baba aliomba kofia yake akaenda kuswali, na saa ya swala ilikuwa bado.

Kesho yake alipanda basi kwenda Muleba peke yake. Mtu ambaye nyumbani alijikwaa kwenye kizingiti alichokipita miaka thelathini alisafiri hadi Ngenge, mwisho kwa pikipiki, na alipotuaga alisema anakwenda kuhani msiba. Alirudi siku ya pili, viatu vimejaa udongo mwekundu. Tangu hapo hakuniuliza tena "Ngapi?" Alitandika kitambaa chake kama kawaida, akapapasa vipande kwa vidole vyake mwenyewe, akahesabu kimoyomoyo. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilidhani hataki kukubali kwamba macho yameisha.

Tuliifufua mashine ya Datius kwa wiki tatu. Hakurudi nayo Bumbire. Kisiwa kilikuwa kimemshinda, akahamia Buhembe kwenye nyumba ya kupanga, akavua upande huu. Na kila mwaka akaniletea mashine. Hilo ndilo lililonitesa. Angekwenda kwa fundi mwingine, ningeweza kumsahau. Alikuja kwangu, akaketi juu ya kreti, akanipa mgongo. Tulipokutana sokoni aliwasalimia wanangu kwa majina. Mara mbili niliota kwamba ananigeukia na kuniuliza ngapi.

Nirudi kwenye boliti yangu. Mafuta yalifanya kazi, ikafunguka. Nikauvuta mguu wa mashine, nikafungua pampu, nikatandika kitambaa. Vidole vinne vilikuwa kwenye kitovu. Kimoja kilikuwa kwenye kifuniko. Kingine nilikitafuta karibu saa nzima, nikakikuta kwenye mdomo wa bomba, nikakitoa kwa koleo nyembamba. Datius hakuuliza nilichokuwa natafuta. Alikuwa ananisimulia habari zake huku akitazama dagaa.

"Nimepata kiwanja huko Buhembe," alisema. "Kidogo, lakini ni changu. Avit amenipa miche mitatu ya migomba ya kwa mama. Nilikwenda Ngenge wiki iliyopita kuichimbua."

"Hongera, kaka Datius. Kasinge."

"Kasinge, waitu." Akanyoosha miguu yake. "Kibanja kisicho na kaburi ni bustani tu. Cha kwangu bado ni bustani. Kaburi la kwanza litakuwa langu."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayezungumzia mvua. Sikuweza tena. Kwenye rafu ya juu, nyuma ya makopo ya rangi, kulikuwa na kopo la grisi ambalo halikuwa na grisi. Nikalishusha. Nikaufungua mfuniko wake kwa bisibisi.

"Kaka Datius. Naomba ugeuke."

Aligeuka. Nilimwekea kidole kile cha miaka kumi na mitatu kwenye kiganja. Raba ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama kipande cha kwato. Nikamwambia kilitoka wapi na siku gani. Nikamwambia hapakuwa na nailoni. Nilisema kwa sentensi fupi, kwa kuwa ndefu zingenishinda.

Alikigeuza kwa kidole gumba. Usoni mwake hapakuwa na mshangao, na hilo lilinitisha kuliko hasira.

"Najua habari hii," alisema. "Marehemu mzee Zahoro alikuja Ngenge tukiwa bado matangani. Alisimama mbele ya ukoo mzima, Mwislamu peke yake kati yetu, fimbo mkononi, akasema, mashine ya Datius niliifunga mimi, na kosa ni langu. Akasema, vidole vyangu vilihesabu vitano, ulimi wangu ukasema sita. Msimtie doa kijana huyu." Akavuta pumzi. "Wazee wakamshukuru. Wakasema amenisafisha, lakini hajaleta shahidi. Kibanja kikabaki pale pale. Ila tangu siku ile hakuna aliyeniangalia vibaya. Avit mwenyewe alinishika mkono."

Nilikaa chini sakafuni, kwenye mafuta.

"Nilimsindikiza hadi barabarani," Datius aliendelea. "Nikamuuliza, mzee, mtu kama wewe, kwa nini? Akaniambia, nilikuwa na mgeni. Nikajua anazungumzia wale wa posa yako, kwamba alikuwa na haraka ya kuwahi nyumbani. Akaniomba nisikwambie, usije ukaibeba siku ya harusi yako. Nilimheshimu sana. Nikajisemea, fundi anayekiri hivi, nyumba yake ndiyo ya kuachia mashine."

Niliviona vidole vya baba vikipita juu ya kitambaa, vikisimama. Alikuwa amejua. Alijua kabla ya pipa, kabla ya limau, kabla hajawaambia watu wa Riyadhi kwamba anawapa macho yake. Mgeni hakuwa mjomba yeyote wa posa. Mgeni alikuwa mteja aliyesimama kando ya benchi, na baba yangu hakumkosoa mtoto wake mbele ya mgeni maisha yake yote. Alidhani labda nina sababu. Alidhani nitasema tukibaki wawili. Tulibaki wawili kwa miaka kumi na mmoja.

"Haikuwa haraka yake," nikasema. "Haikuwa posa. Mgeni ulikuwa wewe. Aliniuliza mimi ngapi, mbele yako, unakumbuka? Nilikuwa macho yake. Niliona vitano, nikasema sita kwa sababu nilitaka kuwahi nyumbani kunawa. Yeye alinisitiri tu."

Nje, mwanamke mmoja alikuwa akiwafukuza korongo kwenye dagaa wake. Datius aliinuka. Nilingoja aseme neno lolote, hata la kunilaani, ningelipokea. Akakitia kidole kile kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akaja kwenye benchi, akainama juu ya kitambaa cheupe, na kwa kidole chake cha shahada akagusa kipande kimoja kimoja, midomo ikichezacheza kwa Kihaya. Alipofika mwisho alirudia tena kutoka mwanzo.

"Sita," alisema.

"Sita," nikaitikia.

Akaenda mlangoni, akalichukua lile kreti. Nilidhani anaondoka. Akalileta hadi kando ya benchi, akaliweka chini, akaketi akiitazama mikono yangu.

"Haya, mama Anwari," alisema. "Funga."

Nikafunga boliti ya kwanza, naye akaihesabu.